Breki Laini Haiponywi kwa Kukanyagwa Mara Mbili

Dereva anayeshuka mlima hukanyaga breki na kuiona pedali ikizama chini ya mguu kuliko ilivyozama jana. Hukanyaga tena upesi upesi, mara ya pili na ya tatu. Pedali hupanda, gari hupunguza mwendo, na safari huendelea. Abiria hawajui lolote. Jioni mwenye gari akiulizwa, hujibu kwamba breki ni nzima, ila "inataka kupampiwa kidogo". Kama jibu hilo lingekuwa utani, lingechekesha. Lakini si utani: ni kukiri kwamba chombo kilichokabidhiwa uhai wa watu kimekwisha kutoa taarifa ya ugonjwa wake, na kwamba taarifa hiyo imepuuzwa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Pedali laini ni wingu la namna hiyo, na yapo mambo mawili yanayopaswa kusemwa juu yake bila kuficha. La kwanza ni kwamba pedali laini si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya magonjwa kadhaa, na kila ugonjwa hujitambulisha kwa namna yake mbele ya mtu anayeuliza kwa utaratibu. La pili ni kwamba elimu ya kuuliza kwa utaratibu si siri ya gereji. Imo ndani ya vitabu vya fizikia vya shule za sekondari, katika kurasa zile zile ambazo mwanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Kanuni iliyo chini ya mguu

Breki za teksi, pikapu na mabasi madogo hutumia kimiminika kupeleka kani ya mguu hadi kwenye magurudumu. Msingi wake ni kanuni iliyoelezwa na Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, ambaye andiko lake juu ya mizani ya vimiminika lilichapishwa mwaka 1663, baada ya kufa kwake. Kanuni hiyo yasema kwamba kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila kipimo cha eneo, ikitiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Ilipita zaidi ya miaka 250 kabla kanuni hiyo haijafika chini ya mguu wa dereva. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa gari lenye breki za kimiminika katika magurudumu yote 4, kwa kufuata ubunifu wa Malcolm Loughead.

Utendaji wake waweza kuhesabiwa na mwanafunzi yeyote. Ichukuliwe kwamba dereva anakanyaga kwa kani ya niutoni 200, ambayo ni karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 20. Pedali, ikiwa ni wenzo, huizidisha kani hiyo mara 5, na pistoni ya silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta, husukumwa kwa niutoni 1,000. Kama kipenyo cha pistoni hiyo ni milimita 20, na kipenyo cha pistoni inayobana diski kwenye gurudumu ni milimita 50, basi eneo la pili ni kubwa kuliko la kwanza mara 6.25. Pedi ya breki itabanwa kwa niutoni 6,250, yaani zaidi ya uzito wa kilo 600. Mguu wa mtu mmoja umepata nguvu za watu wengi.

Hata hivyo hesabu hiyo ina sharti moja: kilichomo ndani ya mabomba kiwe kimiminika kitupu. Kimiminika hakikubali kushindiliwa. Maji, kwa mfano, yakitiwa kanieneo inayopatikana katika hesabu hii, ambayo ni zaidi ya mara 31 ya ile ya hewa inayotuzunguka, hupungua ujazo kwa chini ya sehemu 2 katika 1,000. Ndiyo sababu pedali yenye afya huwa ngumu chini ya mguu: msukumo wote huenda kwenye gurudumu.

Kijiko kimoja cha upepo

Ikiwa hewa kidogo imeingia, mambo hugeuka. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba ujazo wa hewa hupungua kadiri kanieneo inavyoongezeka, iwapo halijoto haibadiliki. Kiputo cha hewa chenye ujazo wa sentimita 5 za ujazo, yaani kijiko kimoja cha chai, kikitiwa kanieneo iliyotajwa hapo juu husinyaa hadi kubaki sentimita ya ujazo 0.15 tu. Ili kuijaza nafasi iliyoachwa, pistoni ya silinda kuu hulazimika kusogea sentimita 1.5 zaidi, na pedali, kwa sababu ya wenzo wake, hulazimika kushuka zaidi ya sentimita 7. Katika gari ambalo pedali ina nafasi ya kushuka sentimita 15, kijiko kimoja cha upepo kimekula nusu ya safari ya mguu kabla breki haijaanza kushika barabara.

Hapo ndipo ilipo siri ya kupampu. Pedali inapoachiwa na kukanyagwa tena kwa haraka, silinda kuu huingiza mafuta mengine kutoka kwenye kikopo kabla yale ya kwanza hayajarudi yote. Mabomba hujaa zaidi, na pedali hupanda. Upepo umebaki pale pale. Kilichonunuliwa ni kimo cha pedali kwa muda mfupi. Nacho hununuliwa ghali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva aliyetumia sekunde moja kupampu breki amepita mita 22 bila breki, na mtoto anayevuka barabara hana mita 22 za kumkopesha.

Kuisoma dalili

Kosa la kawaida katika matengenezo ni kuanza na spana kabla ya swali. Pedali imekuwa laini, basi kikopo huongezwa mafuta. Isipofaa, hutolewa upepo. Isipofaa tena, hununuliwa silinda mpya. Fedha hutumika, na ugonjwa huendelea. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamezuiwa, maswali machache yangetosha kuupunguza msitu huo wa kubahatisha.

Swali la kwanza ni la kikopo. Je, mafuta yamepungua? Kama yamepungua, zipo sababu mbili. Huenda yanavuja, au pedi zimelika, na pistoni zimesogea mbele na kuyafuata mafuta. Anayeongeza mafuta bila kutazama pedi na bila kutafuta mvujo amezificha sababu zote mbili kwa tendo moja.

Swali la pili huulizwa kwa mguu uliotulia. Pedali ikanyagwe kwa nguvu ya kadiri na kushikiliwa kwa nusu dakika. Ikiwa inazama polepole kama mguu uliokanyaga tope, basi mafuta yanatoroka. Kama kikopo nacho kinapungua, mvujo uko nje, nao utafutwe upande wa ndani wa magurudumu, kwenye hosi za mpira, kwenye viungo vya mabomba na nyuma ya silinda kuu. Kama kikopo hakipungui, mafuta yanarudi kwa njia ya ndani, yakipita kando ya raba za pistoni ya silinda kuu zilizochakaa. Tofauti hii ya kikopo kupungua na kutopungua humwepusha mwenye gari na gharama nyingi, nayo haihitaji chombo chochote isipokuwa macho.

Swali la tatu ni hili: pedali ikishuka sana, je, inapofika chini huwa ngumu au hudunda? Ikiwa hushuka sana lakini huishia kwenye ugumu, na mkanyago wa pili huikuta juu na ngumu, basi yumkini hakuna upepo. Viatu vya breki vimekaa mbali na dramu, na kinachotakiwa ni kuvirekebisha, au kuvibadili ikiwa vimelika. Ikiwa hudunda kama mpira chini ya mguu na kupanda kidogo kidogo kwa kupampiwa, basi upepo umo.

Lakini hata jibu hilo halitoshi, maana linazaa swali ambalo husahauliwa kuliko yote: upepo umepita wapi? Mfumo wa breki umefungwa, na hewa haiingii bila mlango. Ama kikopo kiliachwa kikauke, ama bomba lilifunguliwa wakati wa matengenezo, ama pana mahali panapovuja. Kutoa upepo bila kuutafuta mlango wake ni kukumba maji katika mtumbwi uliotoboka.

Iwapo upepo umetolewa vizuri na ulaini ungalipo, hosi za mpira zitazamwe wakati mtu mwingine anakanyaga pedali. Hosi iliyozeeka huvimba, na kila kinachovimba hunyang'anya gurudumu sehemu ya mafuta lililostahili.

Yafaa pia kutenga yasiyohusika. Pedali kushuka kidogo injini inapowashwa, huku mguu ukiwa umeikanyaga, si ugonjwa. Ni ishara kwamba busta, kile kisaidizi kinachoupunguzia mguu kazi, kinafanya kazi yake. Na pedali iliyo ngumu kama jiwe ilhali gari halisimami ni ugonjwa wa ukoo mwingine: busta imekufa, au pedi zimepata joto kupita kiasi, au zimeingia mafuta. Anayetoa upepo katika gari la namna hiyo anamtibu mgonjwa wa macho kwa dawa ya tumbo.

Breki inayopona yenyewe

Ugonjwa wa hatari kuliko yote ni ule usioacha alama. Gari huondoka nyumbani na pedali ngumu, huipoteza katikati ya mteremko, na baada ya saa moja kando ya barabara pedali hurudi kuwa ngumu kana kwamba hapakutokea kitu. Jambo kama hilo huwapa watu nafasi ya kusema kwamba kuna mkono wa mtu. Mkono uliopo ni wa joto.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Likishuka mita 500 za kimo, jambo ambalo barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo inalizidi, na likazuiwa kwa breki peke yake, hutoa joto la kuchemsha lita 22. Joto hilo hupita kwenye diski na pedi, na sehemu yake huyafikia mafuta.

Nayo mafuta ya breki si mafuta. Jina hilo limekaa katika lugha, na limewapotosha wengi. Kwa kawaida ni kimiminika cha jamii ya glikoli, chenye tabia ya kunywa unyevu wa hewa kupitia hosi na tundu la kikopo. Kimiminika cha daraja la DOT 3 kikiwa kipya hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na cha DOT 4 chini ya nyuzi 230. Vikiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 katika 100, viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 140 na 155. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka mingi huchemka katika mteremko ambao mafuta mapya yangeuvumilia. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, kama hewa, hushindiliwa, pedali huzama. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na ushahidi hupotea. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama kikopo kimejaa. Na ndiyo sababu dereva mwenye busara hushuka mlima kwa gia ndogo, akiiachia injini sehemu ya kazi ya kuzuia.

Kutia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa kudanganywa na jina, huvimbisha na kuharibu raba zote za mfumo. Kutia maji ni kujitengenezea mvuke wa kesho.

Matengenezo yafuate sababu

Sababu ikijulikana, tiba huwa fupi. Kinachovuja kibadilishwe, kilicholika kibadilishwe, kilicholegea kirekebishwe. Kisha upepo utolewe kwa mafuta mapya kutoka chombo kilichokuwa kimefungwa. Mpira mwangavu huunganishwa na skurubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu, ncha yake ya pili ikizamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi hukanyaga polepole na kushikilia, skurubu hulegezwa, mafuta na viputo hutoka, skurubu hukazwa, na ndipo pedali huachiwa. Kufunga kabla ya kuachia ndiko kiini cha kazi yote, maana pedali inayorudi hali mlango u wazi huvuta hewa ndani. Kikopo kisiachwe kikauke, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Utaratibu wa magurudumu ufuate kitabu cha gari, na magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasifungane pengine huhitaji kifaa maalumu. Gari lijaribiwe kwanza likiwa limesimama, kisha kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na watu.

Wajibu wa shule

Huenda ikapingwa kwamba haya ni mambo ya fundi, na kwamba mwanafunzi asiye na gari hana haja nayo. Pingamizi hilo lina uzito mdogo. Mwanafunzi asiye na gari hupanda la mwingine, na ana haki ya kutambua kwamba dereva anayepampu breki amembebesha hatari. Aidha hakuna anayependekeza wanafunzi wafungue breki za magari. Kazi hiyo ibaki mikononi mwa wenye ujuzi. Kinachopendekezwa ni kwamba kanuni ifundishwe pale inapofanya kazi.

Vifaa si ghali. Mabomba mawili ya sindano mapya yasiyo na sindano, moja jembamba na moja nene, yaunganishwe kwa mpira na kujazwa maji mpaka pasibaki kiputo. Wanafunzi wapime vipenyo, wakokotoe maeneo, kisha wasukumane, mmoja akishika bomba jembamba na mwingine nene, wajionee nani anamshinda nani. Halafu kiputo kimoja kiingizwe, na wasukume tena. Mkono utaujua upepo kabla daftari halijafunguliwa. Mpira mgumu ubadilishwe kwa mpira laini unaovimba, nao waulizwe tofauti yake na kiputo. Mwishowe mwalimu avitegue vifaa kwa siri, hiki kwa mvujo na kile kwa kiputo, na wanafunzi watafute kosa kwa kuuliza tu, bila kufungua chochote. Saa moja ya namna hiyo ina fizikia nyingi kuliko maneno ya Pascal yaliyoandikwa ubaoni na kunakiliwa.

Kwa sasa elimu mbili zinapishana bila kusalimiana. Fundi aliye chini ya mwembe, ambaye huenda hajapata kulisikia jina la Pascal, anasema "upepo umeingia", na mara nyingi asema kweli, lakini pengine hajui kwa nini kijiko kimoja chatosha kuua. Mwanafunzi aliyepata alama za juu anajua kwa nini, lakini akikaa kiti cha mbele na kuuona mguu wa dereva ukipanda na kushuka, hatambui kwamba swali la mtihani wake liko pale likijibiwa vibaya. Fundi anastahili kupewa sababu, na mwanafunzi anastahili kupewa kitu cha kushika. Anayeweza kuwapa wote wawili ni mwalimu wa fizikia, naye aweza kuanza wiki hii, kwa mabomba mawili ya sindano na maji ya kisimani.